Jogoo Aliyerudi Mnadani

Mama Bertha, aliyeitwa hivyo kwa jina lake mwenyewe, alimchagua jogoo yule Jumamosi jioni, akamfungia kwenye tenga ili asubuhi asije akakimbizana naye uwanjani akiwa amevaa kitenge cha kanisani. Alikuwa jogoo mwekundu, mzito, mwenye tabia mbaya. Mumewe, Mzee Aroni, alipomwona tengani aliuliza kama hakukuwa na kuku mwingine.

"Wapo," Mama Bertha alisema. "Lakini wewe una binti mmoja tu wa kumchangia."

Binti mwenyewe, Eveline, alikuwa mwaka wa tatu chuoni Mbeya na amepanga chumba Iyunga. Likizo hiyo hakuja nyumbani Kalenga kupumzika. Yeye na wenzake wa umoja wa wanafunzi wa Kikristo walikuwa wanajiandaa kwenda misheni katika bonde la Usangu, kwenye vijiji vya wafugaji, wakahubiri, wafundishe watoto na kuwatembelea wagonjwa. Chuo hakikuwa na fungu la safari kama hizo, kwa hiyo kila mwanafunzi alitumwa kwenye usharika wake wa nyumbani akaombe msaada. Utaratibu ulitaka waende wawili wawili, ili sadaka isije ikapotelea mfukoni mwa mtu. Aliyepanga nani aende na nani ni Eveline, na yeye alijipanga na katibu. Mwenye kuelewa mambo haya ameshaelewa.

Katibu aliitwa Shija. Alikuwa mrefu, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe, na kwa Eveline hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kijana akiwa msemaji unaweza kumchoka. Huyu alikuwa anamwacha mtu na hamu. Walikuwa wamependana tangu masika, wakitembea jioni kando ya reli pale Iyunga wakijifanya wanajadili bajeti. Siku moja Shija alisimama ghafla akasema, "Mimi sina cha kukuonyesha, Eveline. Kuna ng'ombe wa baba, halafu kuna mimi."

"Ng'ombe waache," Eveline alimjibu. "Nionyeshe wewe."

Kalenga, Eveline alimtambulisha kama katibu wa misheni, akaishia hapo. Mama yake alimtazama kijana, akamtazama binti, akaenda kuongeza maji kwenye ugali. Mzee Aroni yeye alivuta kiti.

"Kamwene, katibu."

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Usangu, mzee. Ukifika Rujewa unaingia ndani."

"Msangu?"

"Msukuma. Baba alihamia na ng'ombe, mimi nikazaliwa hukohuko."

Mzee Aroni alikisogeza kiti nyuma kidogo. Zamani kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alikodi shamba la mpunga huko Usangu. Ng'ombe wakaingia mpunga ukiwa unakaribia kuvunwa, wakaacha mabua. Mwenye ng'ombe hakujulikana. Tangu hapo Mzee Aroni aliamua kwamba walikuwa ng'ombe wa Wasukuma wote, na hakuwa amepata sababu ya kubadili hesabu hiyo.

"Na wazazi wako wanasali wapi?"

"Bado hawasali, mzee. Ndiko tunakokwenda."

Mzee Aroni akamgeukia binti yake. "Kwa hiyo mimi natoa jogoo ukawahubirie wazazi wa katibu."

"Na wao ni watu, baba."

"Sijasema ni ng'ombe."

Mama Bertha akatenga ugali, maongezi yakageukia baridi ya mwezi wa sita na bei ya nyanya. Baada ya chakula Shija alikwenda kulala kwa mwinjilisti Gerson. Eveline alimsindikiza mpaka kwenye kona ya ua, wala si hatua moja zaidi, kwa sababu baba alikuwa amehamishia kiti chake pale anapoona kona.

"Baba yako hanipendi," Shija alisema.

"Hakujui."

"Ndiyo hivyo. Angenijua ingekuwa nafuu, ningejua hanipendi kwa lipi."

Eveline alitamani kumshika mkono. Akashika mti wa ua badala yake.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema. "Kuna mtu anaitwa Dastan. Ana mbao Mafinga, ana malori na basi dogo la Kosta. Amemwambia baba mwezi wa nane atakuja na wazee wake."

"Hiyo Kosta ndiyo tuliyoahidiwa kwa ajili ya misheni?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi hali ni ngumu," Shija alisema, na kwa maneno hayo akaaga.

*

Ibada ya pili ilipokwisha, washarika walitoka nje wakazunguka meza ya mwinjilisti. Jua lilikuwa linawaka lakini upepo wa Iringa haukuwa na habari nalo, na akina mama walikuwa wamejifunika mashuka juu ya kitenge. Mezani kulikuwa na maboga, madebe ya mahindi, trei za mayai, kapu la nyanya, na chini ya meza tenga la Mama Bertha.

Mnada wa kanisa una taratibu zake, na wenyeji wa usharika ule hawakuwahi kuona haja ya kumweleza mtu. Ukinunua kitu unaweza kwenda nacho. Unaweza pia kumzawadia mtu mbele ya wote, au ukakirudisha mezani kiuzwe upya. Trei moja ya mayai inaweza kununuliwa mara nne na bado ikabaki pale, na kila aliyeinunua akalipa. Mgeni akinunua hurudisha, au humzawadia mke wa mchungaji. Hayo yanajulikana na wote. Shija hakuwa mmoja wao.

Gerson alikuwa mwinjilisti wa kawaida mpaka apewe mnada, hapo hugeuka mtu mwingine. Aliuza maboga kwa utani, akauza mahindi kwa vitisho vya Agano la Kale, kisha akamtoa jogoo tengani akamnyanyua juu.

"Huyu ni jogoo wa Mama Eveline. Nani hajawahi kufukuzwa na huyu jogoo? Leo ni siku ya kulipiza. Naanza na elfu kumi."

"Kumi na tano," mtu alisema.

"Ishirini," akasema mwingine.

Dastan alikuwa amesimama pembeni, amevaa koti zuri la kijivu. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo liandikwe. Aliimba kwaya, alilipa vibarua wake kwa wakati, na mama yake alimsifia hata asipokuwepo. Alinyanyua mkono taratibu.

"Laki tatu."

Vigelegele vilianza upande wa akina mama na kuzunguka uwanja mzima. Laki tatu zilikuwa zimeziba karibu pengo lote la safari. Gerson hakuuliza kama yupo wa kuongeza. Alipiga meza.

"Na huyu jogoo," Dastan alisema, akisafisha koo, "namzawadia Eveline."

Vigelegele vya pili vilikuwa vya aina nyingine. Vile vya kwanza vilikuwa vya misheni. Hivi vilikuwa vya harusi, na hakuna mtu pale aliyevichanganya. Bibi mmoja alianza hata kuimba. Mzee Aroni alivua kofia, akaivaa tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu binti yake afike.

"Eveline, njoo upokee," Gerson aliita.

Eveline alitembea mpaka mezani. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Akimbeba yule jogoo kwenda naye nyumbani, mwezi wa nane wazee wa Dastan wangekuja kumalizia tu jambo ambalo usharika umeshalishuhudia. Akimkataa, Kosta itaondoka, na huenda laki tatu nazo zikaondoka, na wanafunzi wenzake wataulizwa na kila mtu kwa nini hawakwenda Usangu. Aligeuza macho akamtafuta Shija. Shija alikuwa anatazama viatu vyake, alivyokuwa amevipiga rangi ya kuazima asubuhi hiyo. Eveline alimpenda wakati ule kiasi kwamba alimkasirikia.

Alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Jogoo alimparua kidogo.

"Namshukuru sana kaka Dastan kwa kutuunga mkono," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko alivyotegemea. "Namrudisha jogoo mnadani auzwe tena kwa ajili ya safari."

Utaratibu uliruhusu kabisa. Lakini neno *kaka* lilikuwa limesemwa mbele ya watu wote, na lilitua. Mashuka yalivutwa juu ya mabega. Bibi aliyekuwa anaimba akaacha. Mzee Aroni alitazama mlimani.

Gerson akajaribu. "Haya, jogoo amerudi. Naanza na elfu tano."

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alielewa kwamba atakayetaja bei ya jogoo yule sasa anaingia katikati ya mambo ya watu. Walitazama chini, walitazama watoto wao, walifunga upya khanga ambazo hazikuwa zimefunguka. Eveline alibaki amesimama mbele ya meza, mikono imeshuka, ana mparuzo mdogo kwenye kiganja.

"Elfu tano," Gerson alirudia. "Jamani, ni kuku yuleyule."

"Elfu tano," alisema Shija.

Vichwa viligeuka. Mzee Aroni naye aligeuka, na alipoona ni nani, mdomo ukamtangulia.

"Kumi."

"Kumi na tano," alisema Shija, kwa adabu.

"Kumi na nane."

"Ishirini."

Eveline alifumba macho. Alijua ile ishirini ni nini. Ilikuwa nauli ya Shija ya kurudia Mbeya. Mzee Aroni alikuwa amefungua mdomo tena, lakini Mama Bertha akamvuta mkono wa koti.

"Baba Eveline," alisema, na hakujisumbua kupunguza sauti, "unanunua kuku wako mwenyewe?"

Watu walicheka, kwa shukrani, maana walikuwa wanatafuta pa kuchekea. Gerson hakupoteza nafasi, akapiga meza. "Elfu ishirini, katibu wa misheni. Na katibu anamzawadia nani?"

Shija alikwenda mbele, akalipa noti zake mbili, akamchukua jogoo na kumkumbatia kwapani kama mtu anayewajua wanyama. Jogoo alitulia.

"Simzawadii mtu, mwinjilisti," alisema. "Nimemnunua."

Akarudi alikokuwa amesimama, na jogoo wake. Usharika wa Kalenga ulicheka mpaka bibi mwenye wimbo akajifuta machozi kwa shuka. Ilikuwa mara ya kwanza mgeni kuja kuwaomba mchango na kuondoka na mali yao. Shija aliwatazama, akaelewa kwamba kuna jambo amekosea, asijue lipi, akazidi kumbana jogoo. Eveline aliona aibu mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo alikuwa na furaha ambayo hakuwa na pa kuiweka.

*

Dastan alimkuta Eveline kwenye simtanki la maji nyuma ya kanisa, ananawa kiganja.

"Laki tatu nimeshamkabidhi Gerson," alisema. "Niliitaja mbele ya kanisa, siwezi kuila."

"Ahsante, kaka Dastan."

"Hiyo kaka ungeniambia nyumbani, tukiwa wawili, ningekushukuru."

"Hukuwahi kuniuliza kitu tukiwa wawili. Uliongea na baba."

Dastan alifikiri. "Ni kweli," alisema mwishowe. Alikuwa ameumia na hakujaribu kuficha, na Eveline alimheshimu kwa hilo zaidi ya alivyowahi kumheshimu kwa malori. "Lakini Kosta mtafute nyingine. Dereva wangu alikuwepo pale. Sitaki anibebee habari mpaka Usangu na kurudi."

"Naelewa."

"Ni yule wa jogoo?"

Eveline alifunga koki. "Ndiye."

"Hata mnada hajui."

"Hajui," Eveline alikubali.

Dastan alitikisa kichwa, akavuta koti lake vizuri, akaenda kwenye gari.

*

Mzee Aroni alimwita Shija nyumbani, si kwa ukarimu. Alimkalisha kwenye kigoda uani, yeye akakaa kwenye kiti. Jogoo alikuwa miguuni mwa Shija, amefungwa, anatazama kwao kama mgeni. Eveline na mama yake walikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, na kwa muda wote ule hakuna sufuria iliyosikika.

"Umetupotezea Kosta," alisema Mzee Aroni.

"Ndiyo, mzee. Ila hata ingekuwepo ingeishia barabarani. Kuingia kwetu kuna mto na mbuga. Baba atatuma mikokoteni."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Binti yangu apande mkokoteni wa ng'ombe."

"Itapanda mizigo, mzee. Sisi tutatembea. Yeye akichoka atapanda."

Mzee Aroni alikohoa kidogo. "Na Mbeya utarudi na nini? Nimesikia umenunua kuku kwa nauli yako."

"Kuna fuso la nyanya linatoka kesho. Nimeongea na dereva."

"Binti yangu amebeba hela za mchango humo ndani. Si umkope?"

"Zile si zetu, mzee."

Mzee Aroni alimtazama muda. Akageuza macho kwa jogoo.

"Hivi kwa nini hukumrudisha? Mpaka watoto wanakucheka."

"Sikujua, mzee. Mimi minada ninayoijua ni ya ng'ombe. Ukitaja bei ukaachiwa, mnyama ni wako. Ukimwacha pale wanasema huna hela."

"Hukujua. Sawa. Lakini ulikuwa unamtaka jogoo?"

Shija aliinama akalegeza kamba ya jogoo. Jikoni, Eveline alishika fremu ya mlango.

"Hapana, mzee. Sikuwa namfikiria jogoo." Aliongea huku akitazama mikono yake. "Eveline alikuwa amesimama pale mbele peke yake, na watu wote wamenyamaza. Niliona lazima mtu aseme kitu. Nilichokuwa nacho cha kusema ni elfu tano."

Upepo ulipita juu ya mabati. Mzee Aroni naye alikuwa pale uwanjani, tena karibu zaidi, na binti aliyekuwa amesimama peke yake alikuwa wa kwake. Yeye alikuwa anatazama mlimani. Neno la kwanza alilosema lilikuwa *kumi*, na alilisema kumzuia huyu.

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Utamfanyia nini?"

"Nitampelekea mama. Hajawahi kupata kitu kutoka Iringa."

"Atamchinja."

"Inawezekana. Jogoo mmoja peke yake..."

"Atamchinja," Mzee Aroni alisema tena, akasimama. Alikwenda mpaka bandani nyuma ya nyumba. Walisikia kelele za kuku, wakamsikia akigomba kwa Kihehe. Alirudi amemshika tetea mweusi mwenye madoa, mnene, mwenye hasira, amekuja naye kwa kumbana kifuani mpaka manyoya yamebaki kwenye koti la kanisani.

Mama Bertha alitoka jikoni. "Baba Eveline. Si ndiye huyo anayetaga?"

"Namjua."

"Nasema tu, maana wengine wapo wengi."

"Nimesema namjua." Alimkabidhi Shija, na Shija akasimama kumpokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Mwambie mama yako huyu hakununuliwa. Ametoka kwa Aroni wa Kalenga. Na asichinjwe. Hawa wafugwe."

"Nitamwambia, baba," alisema Shija, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mpaka dakika ile alikuwa anasema *mzee*.

Mama Bertha alishika mdomo, lakini kigelegele kilikuwa kimeshaanza.

"Nyamaza, Bertha," Mzee Aroni alisema. "Nimetoa kuku. Sijatoa mtoto."

Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kutafuta kitu cha kumfungia yule tetea. Eveline alikuwa ameshafika mgongoni kwake. Alimwekea kamba kiganjani, na baba yake alipoipokea, aliushika na mkono wa binti yake, akabaki nao kidogo kabla ya kuinama kufunga.